Jini Lililosema Simtaki

Nimeziona filamu nyingi za kutisha, lakini iliyonitisha kuliko zote, jini lake nilikuwa mie. Nayo haikutengenezwa ng'ambo. Ilipigwa Temeke, pale Mtoni, kwa kamera ya mtu aliyezoea kupiga picha za harusi, miaka ile ya ruksa, deki na televisheni zilipoanza kuingia mitaani na kila mwenye uwezo akataka kujiona kwenye kioo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Sie watu wa Upareni, na nyumba nzima walokole. Akaja kuniposa mgane mmoja, mzee wa kanisa letu, mwenye duka la spea za magari Mikocheni. Hakuwa mtu mbaya, jamani, nisimsingizie. Mtaratibu, hata mcheshi akitaka. Ila alikuwa rika la baba mkubwa, na mie nilikuwa simtaki. Nikasema hivyo mezani, wazi, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama mkubwa akaacha kula. "Hayo si maneno yako," akasema.

Kwa asiyejua: mjini kwetu msichana akimkataa mchumba mwenye duka na gari, watu hawasemi kakataa. Wanasema ana jini mahaba, jini dume lililomfanya mke, lenye wivu, lisilotaka mwanamume mwingine amsogelee. Majirani zetu Waislamu wa pwani waliamini hivyo, na sie walokole wa bara, tuliojidai hatuna habari na mambo ya pwani, kwa hilo tulikubaliana nao bila ubishi. Basi kila nilipokataa, nililithibitisha jini. Nikinyamaza, limeniziba mdomo. Nikilia, ndilo linalolia. Sasa ningetokea wapi?

Nikapelekwa kwenye maombi. Kwanza walinifungisha, kufunga kavu, si chakula si maji, kisha nikasimamishwa mbele ya watu katika ukumbi wa mabati, jua la mchana likiwaka, kanga imekazwa kiunoni, akina mama wawili wamening'ang'ania mikono. Mpiga video aliitwa na baba mkubwa. Alitaka ushahidi wa kumwonyesha mkwe kwamba binti kasafishwa.

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. "Taja jina lako!"

Nikataja jina langu la ubatizo.

"Muongo! Hilo la binti. Nataka lako wewe!"

Mwenzangu, hapo nikajua nimekwisha. Jini haliachiwi mpaka litaje jina, liseme linakotoka na linachotaka. Ndio utaratibu, na mie jina jingine sina. Wakaruka hilo, wakaniuliza natoka wapi. Nikasema nyuma ya soko. Muongo! Nikasema Upareni. Muongo, wakanitikisa. Nikasema Kigamboni, maana ndiko kulikonijia kichwani, nao wakapiga makofi: kumbe limevuka bahari! Unataka nini? Nikasema maji ya kunywa.

"Mnasikia?" mchungaji akawageukia. "Linadai bahari yake!"

Kisha akaniinamia. "Mzee wetu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Simtaki tu."

Zikapigwa kelele nusura mabati yang'oke. Nikaanguka kwa njaa, wao wakaimba kwamba limetoka.

Nilidhani yamekwisha. Baba mkubwa akaletewa kaseti yake akaifungia kabatini na Biblia, akangoja siku ya mahari. Kumbe mpiga video kabakiza nakala yake, akampa mwenye kibanda cha video pale barabara ya Kilwa. Asubuhi moja natoka sokoni nakuta ubao umeandikwa kwa chaki: JINI LA MTONI. KWELI TUPU, SI MAIGIZO.

Nikajitanda kanga mpaka machoni, nikaingia. Mabenchi yamejaa, joto, jasho, watu wanatafuna karanga. Picha inatikisika, mara unaona miguu, mara dari, mara kioo kinajaa uso wangu, midomo imekauka, macho yametoka. Wanaume wazima wakaruka. "Lahaula! Mwone hilo!" Mama mmoja mbele yangu akajifunika mtandio. Kibandani kila filamu ina stelingi wake, na stelingi hafi, hilo hata mtoto anajua. Nikangoja nimwone wangu. Stelingi alikuwa mchungaji. Niliposema simtaki, kibanda kizima kikapokea kwa kuniigiza, "Simtakiii!", wakacheka mpaka wakakohoa. Nilikaa pale nimebanwa katikati ya benchi, siwezi kupita bila kuwainua watu, nikajitazama mpaka nilipoanguka. Nilimwonea huruma yule dada, na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Nimfokee nani? Nikifoka, ni jini.

Ikaja siku ya mahari. Mgane akaja na mshenga wake na wazee wawili, na vitenge, na soda kreti nzima. Baba mkubwa, kwa madaha, akafungua kabati akaichomeka ile kaseti kwenye deki. Wageni wakatazama kimya tangu mwanzo hadi mwisho, wakatikisa vichwa, wakasema Bwana asifiwe. Ndipo nikaitwa sebuleni, kwa kuwa desturi lazima itimie: binti huulizwa mbele ya pande zote mbili.

"Mwanangu," akasema baba mkubwa, "wageni hawa unawajua. Tuwapokee?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo juma zima. Nikisema ndiyo, naolewa. Nikisema hapana, narudi ukumbini, njaa tena, mikono tena, taja jina lako tena. Mama mkubwa alikuwa ananitazama huku midomo ikimcheza kwa sala. Sikupanga ujanja wowote, naapa. Sikubadili sauti, sikutoa macho. Nilisema polepole, kwa adabu, kama ninavyosema sasa:

"Simtaki."

Mgane akaniangalia, akaiangalia televisheni, akaniangalia tena.

"Sauti ni ile ile," akasema.

Khaa! Alitaka iwe ipi? Koo ni langu! Lakini mzee wa watu alishasimama. Mke wa kwanza kamzika, na jini mahaba linasifika kwa kuua waume, sasa nani atamshika? Akachomeka miguu kwenye viatu vya mshenga, mshenga akamfuata peku, wazee wakabeba vitenge vyao. Soda tu walizisahau. Gari likawashwa, likaondoka.

Furaha niliyoisikia, mie mwenyewe ndiye niliyeisikia. Nilitaka waijue ni yangu. Nikamgeukia baba mkubwa, mzee aliyenilea, niliyemwamkia kila asubuhi tangu utoto.

"Baba mkubwa, ni mie niliyekataa. Siku ile pia. Hapakuwa na mwingine, ni mie."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika mlangoni, alipokuwa amesimama mama mkubwa. Wakashikana mikono. Nikawaona wamenitazama, lakini si machoni, ni juu kidogo, hapa kwenye paji la uso. Kisha baba mkubwa akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo."

"Shikamoo," na mama mkubwa naye.

Wakasubiri. Nikasema tena ni mie, nikajitaja jina, nikamtaja na marehemu baba. Hawakusogea. Wameziba mlango, na nyumba ile haikuwa na mlango mwingine.

"Marahaba," nikaitikia.

Wakanipisha.