Baba alivyopigilia misumari kayak yangu ya kukunja

Wakuu, nawasalimu nyote, hata wale mnaosoma kila siku bila kuchangia. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Kisumu, na nitayaeleza hata pale yanaponiaibisha.

Mgeni mmoja alikuwa anahama Milimani na kuuza vitu vya nyumba. Nilienda kutafuta friji. Nikarudi na mifuko miwili mirefu inayonuka panya.

Ndani mlikuwa na kayak ya kukunja.

Kwa wasioijua, ni mtumbwi mwembamba wa watu wawili. Mifupa yake ni mbao nyembamba zinazoshikanishwa na vibanio vya chuma, halafu unaivisha ngozi ya turubai na mpira. Ukimaliza safari unaifungua, unairudisha mifukoni. Mimi naishi ghorofa ya tatu, kwa hiyo niliona inanifaa. Mke wangu aliuliza friji iko wapi. Tuendelee.

Ngozi ilikuwa na matundu. Nikaipeleka kwa fundi wa pancha pale Nyalenda, akaweka viraka kumi na kimoja bila kuuliza hiyo ni tairi ya gari gani. Namheshimu mpaka leo.

Mbavu tatu za mbao zilikuwa zimevunjika. Kwa kazi hiyo nilikuwa na baba.

Mzee wangu ametengeneza boti za wavuvi kule Nyakach maisha yake yote. Tangu tumzike mama hakuwa ameshika nyundo. Nilimtoa nyumbani Pap Onditi, huko huko Nyakach, kwa sababu alikuwa hali chakula. Kwangu pia hakula. Alikaa kwenye kiti akitazama ukuta, ukimuuliza anasema yuko sawa.

Wakuu, niliogopa. Niliona wazi kwamba yeye ndiye anayefuata.

Basi nikaiunga mifupa yote pale sebuleni, nikamwomba aangalie zile mbavu, nikaenda kazini.

Jioni nikakuta mbavu tatu mpya, zimechongwa hadi huwezi kuzitofautisha na za zamani. Nikakuta pia kila kiungio kimepigiliwa misumari. Kila kimoja. Vibanio alikuwa ameving'oa akavitia kwenye sufuria.

"Hii kitu ilikuwa inacheza," akaniambia. "Mbao ikicheza, maji inaingia. Ungekufa bure, nyathina."

Mtoto wangu, yaani. Hakuwa ameniita hivyo tangu nioe.

Kwa fundi wa boti wa huku kwetu, kiungio bila msumari ni uvivu. Shida ni kwamba mifupa ya kayak huingia kwenye ngozi ikiwa nusu mbili, mbele na nyuma, halafu zinaungwa katikati zikiwa ndani. Ikishapigiliwa yote, haiingii. Na mlangoni haitoki.

Mwenye akili angesema asante kwanza. Mimi nilisema, "Baba, umeharibu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Siku mbili alikunywa chai tu. Niliona aibu hata kumtazama, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi nikaiweka ile ngozi miguuni pake. "Baba, nilikosea kukuongelesha vile. Na hii nguo nimeshindwa. Inavaliwa aje?"

Aliigeuza karibu saa nzima. Akaingiza mkono mpaka begani. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Kumbe inaingia mguu moja moja, kama suruali! Mbona hukuniambia?"

Nikaenda kumtafutia koleo.

Alitumia siku nne kung'oa misumari. Kila mmoja aliunyoosha na kuuweka akiba. Matundu aliyaziba kwa vijiti na gundi, vibanio vikarudi mahali pake. Muda wote alinifokea kwamba sijui kushika mbao. Siku ya pili akaomba aongezwe ugali. Mke wangu aliingia jikoni kusonga mwingine, akarudi macho mekundu.

Jumapili baada ya kanisa tukapanda boda na mifuko yetu mpaka ufukweni. Wavuvi walisimama kutazama watu wazima wawili wakitoa boti kwenye begi. Mmoja akauliza kama ni hema.

Baba alikaa mbele. Akaweka kiganja chini, akasikia maji yakipita nyuma ya turubai. Hakuna tone lililoingia. Tulienda kama mita mia moja, magugu yakatuzuia, tukarudi. Safari yote ni hiyo.

Jumatatu nikitoka kazini nikakuta begi lake mlangoni. Mvuvi mmoja wa kwao Nyakach alikuwa amempigia, boti yake inavuja.

"Nani atatengeneza?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia.

Nilichojifunza: ukimpa mzee kazi, mpe na maelezo. Akikosea, mwachie arekebishe mwenyewe.

Jana nilimpigia. Akasema nisimsumbue, amemwacha mtu ameshikilia mbao. Akakata. Nilikaa na simu mkononi nikalia kama mtoto, kwa furaha.

Wenye wazazi waliofiwa, wenu walirudije kwenye maisha? Andikeni hapa chini, hata kama hawajarudi bado.