Mrututu wa Bwawa la Kapkatet

Nilikwenda Kapkatet kwa sababu ya ndama wawili. Walikunywa maji ya bwawa lililotandwa na utando wa kijani, wakafa siku hiyo hiyo. Bwawa lilikuwa la mama yake Kimutai, mwenzangu kwenye shamba la chai kule Kericho. Huko mimi, mtu wa ziwani kama mnavyonijua, nilikuwa fundi wa maji. Matangi yetu yakiota kijani tuliyasafisha kwa mrututu, yale mawe ya buluu, na bwana shamba aliniruhusu nichukue kiasi.

Usiku wa kuamkia safari nilijitia ujanja, nikauyeyusha mrututu wote kwenye debe la bati. Kazini tulitumia pipa la mbao, nami sikuwahi kuuliza kwa nini. Fundi mzima!

Alfajiri tuliondoka, debe likining'inia kwenye mti mabegani mwetu. Adhuhuri Kimutai alisimama.

"Omondi, mbona mguu yangu iko buluu?"

Dawa ilikuwa imelila debe mpaka likatoboka. Nusu tuliiacha barabarani. Iliyobaki tuliimimina kwenye chungu chenye ufa mdomoni tulichopewa njiani.

Saa kumi tulifika. Mama alitupa maziwa ya kibuyu, akangoja tumalize.

"Ng'ombe hii mingi si yangu," alisema. "Rafiki yangu wa kule Mulot aliniwekea nichunge. Ndama ilikufa ni yake. Ikikufa ingine, nitamwangalia na macho gani?"

"Dawa imebaki kidogo, mama."

"Basi fanya na hiyo kidogo."

Kesho yake majirani walikuja na majembe, tukakata kona moja ya bwawa kwa tuta la udongo, tukaitia dawa kona hiyo tu. Niliwaambia wangoje siku saba, kwani utando ukifa hutema sumu yake majini. Niliwahi kuona mbwa akifa kwa kunywa maji kama hayo kabla ya siku kutimia. Ng'ombe wakapelekwa mtoni, mbali.

Siku ya nane maji ya kona yalikuwa yametakata hata matope ya chini yakaonekana. Ndani yake viluwiluwi walielea wamekufa. Ng'ambo ya tuta vyura waliimba. Ningefika na debe zima, ningelitia dawa bwawa lote na kuwaua hao pia.

Kimutai akamswaga ng'ombe mmoja wa yule rafiki wa Mulot aje anywe. Mama akamzuia.

"Yangu kwanza."

Akamleta ng'ombe wake mmoja wa maziwa, akamnywesha. Tulikaa naye mpaka jioni, akacheua tu, na moyo wangu ukatulia. Asubuhi wakanywa wote.

Siku hizi nausafirisha mrututu ukiwa mkavu. Na mtu akiniwekea kitu chake, nakijaribu kwanza kwa changu.