Mama wa Gendabi aliyekataa kutaja jina langu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Naitwa Tluway, mzaliwa wa Tumati, Mbulu. Kwa Kiiraqw jina hilo ni mvua, nilizaliwa ikinyesha. Shule niliacha darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Nimezurura mpaka Kisumu, nikakuta kina Okoth, Wajaluo waliopewa jina hilo kwa kuzaliwa mvua ikinyesha. Nikawa najivunia jina kama mtu mwenye ndugu kila nchi.

Mwaka jana nikapata kazi ya kuchunga ng'ombe kijijini Gendabi, kwa familia ya Kidatoga. Kazi safi, maziwa unakunywa mpaka unakataa mwenyewe.

Tatizo moja. Majirani wote waliniita kwa jina, ila mama mwenye nyumba hata siku moja.

"Wewe wa Tumati, njoo ule."

"Wewe mchungaji, ndama yuko wapi?"

Nikaona ananidharau. Jioni moja nikamwambia mbele ya wageni, "Shikamoo mama. Mimi nina jina. Kuanzia kesho usiponiita kwa jina, siitiki."

Wageni wakatazama chini. Yeye akaendelea kumimina maziwa.

Kesho yake nimeinama kwenye birika la ng'ombe, nasikia nyuma, "Wewe! Wewe wa Tumati, geuka!"

Sikugeuka. Mimi nikisema nimesema.

Dume jekundu la ng'ombe likanipiga kumbo palepale. Ubavu mmoja ukavunjika.

Nikiwa nimelala kwenye ngozi, mume wake akanieleza. Marehemu baba yake alizaliwa kwa majirani Wairaqw, mvua ikinyesha, wakampa jina hilohilo langu. Na kwa Wadatoga mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa kaburini.

Mama akaleta uji. Nikaomba samahani, halafu udadisi ukanishinda. "Mama, kama dume lingekaribia kuniua, ungetaja jina langu?"

"Ningekurushia jiwe," akasema. "Na nilirusha. Nilikukosa."

Tukacheka, mimi kwa maumivu.

"Sasa uniite nani?"

Akafikiri kidogo. "Mbavu."

Nikawa Mbavu mpaka naondoka, na niliitika kila mara.

Funzo: nilikuwa naulizia majina ya watu nchi za mbali, nikashindwa kumuuliza anayenipikia. Ukiona mtu hakutaji, muulize kwa upole kabla hujanuna.

Waliooa au kuolewa kwa Wadatoga, nisahihisheni nilipokosea. Na wewe, jina lako limewahi kukuponza wapi?