Ufa wa Mjomba

Gari kuukuu la dizeli la mjomba wangu liliunguruma hata likisimama, likasikika Chumbageni nzima, naye akajisifu kuwa ndiyo nguvu. Nguvu gani! Mimi, fundi wake wa bure, nilichomoa ule mpira mwembamba unaovuta hewa ili injini itulie. Nikaziba ncha moja kwa kidole, nikafyonza nyingine: hewa ikanijia tele. Umepasuka! Nikauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaurudisha mahali pake, injini ikatulia.

Mjomba akaenda nalo Pangani, akarudi amenuna.

“Nirudishie ufa wangu,” akafoka. “Nimefika kivukoni, hakuna hata mmoja aliyenitazama!”

Nikaibandua tyubu. Jioni ile mtaa mzima ulimwamkia shikamoo, vidole masikioni.