Mshona Kofia na Mtoto Aliyeombwa Abaki Mjini

Saa kumi na mbili asubuhi, Mpendae, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja. Mwanakheir Mcha anafumbua macho, na kitu cha kwanza anachokiona ni fundo la kanga. Ndani ya kanga hiyo mna nguo za binti yake Yusra, mwenye miaka tisa. Mdogo wake Yusra, Suhail, alizitawanya zake chumba kizima siku ile ile waliyohamia. Za Yusra bado ziko kwenye furushi.

"Kila siku anachomoa gauni moja, anavaa. Nikishalifua likakauka, analirejesha ndani anafunga tena," anasema mama huyo kwa sauti ya chini, kama anayeogopa mtoto asimsikie. "Sijamuuliza. Nnaogopa jawabu."

Ni Jumamosi. Keshokutwa skuli zinafunguliwa.

Mwanakheir, 28, anashona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kwa mkono. Anatandika mkeka mlangoni, ananyoosha mguu mmoja, anakunja mwengine, na sindano inaanza kuingia na kutoka. Kofia moja humaliza kwa wiki tatu. Ikitoka safi huiuza shilingi laki moja, na kodi ya chumba hiki hula nusu nzima ya fedha hizo kila mwezi.

Kabla ya hapa aliishi Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, miaka kumi. Warithi wa nyumba wakataka kuitengeneza waikodishe kwa wageni, wakawapa wapangaji muda hadi mwisho wa Disemba. "Hawakutufukuza kwa ubaya," anasema. Vitanda vilitolewa vichochoroni kwa mkokoteni hadi Darajani, vikapakiwa kwenye kigari cha kirikuu. Suhail alikaa juu ya godoro akiwapungia watu. Yusra alikaa mbele, furushi mapajani.

Mkunazini walikuwa wanawake watano wakishona kwenye baraza moja.

"Mmoja anatoboa, mwengine anazungusha uzi, wa tatu hana kazi ila kusuta watu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Huku nnashona mpaka magharibi, na sijazungumza na mtu ila kuwaambia watoto wakaoge."

Nyumba za hapa zina kuta na mageti. Nyuma ya ukuta wa jirani husikika redio, na mwanamke mwenye kicheko kirefu. Mwanakheir amefika getini kwake mara mbili.

"Nikasikia wanacheka ndani, nikarudi," anasema. "Niseme nini? Hodi, mimi jirani yenu, nna haya?"

Haya hizo anazo tangu utotoni. Alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu. Alipokuwa na miaka saba, shangazi yake, Bi Mayasa, alimfuata akamleta kwake Kiponda, humo humo Mji Mkongwe, ili asome mjini. Watoto wengi wa Unguja wamelelewa hivyo, kwa shangazi au kwa bibi, na Bi Mayasa, ambaye hakujaaliwa mtoto wake mwenyewe, alimlea kwa mapenzi. Alimfundisha kushona. Skuli, hata hivyo, iliishia darasa la tano.

"Hakuna aliyenitoa. Shangazi aliumwa mguu, nikabaki nyumbani wiki moja kumsaidia. Kisha wiki nyengine. Alipopona, nikaona haya kurudi, wenzangu washakwenda mbele."

Alipoolewa na Amour alihamia Mkunazini. Wameachana miaka mitatu sasa. Amour yuko Wete, Pemba, na familia nyengine.

Mwezi mmoja kabla ya kuhama, Bi Mayasa alimwita akamwambia amwache Yusra Kiponda, aendelee na skuli yake ya zamani. Mwanakheir alitazama mikono yake hadi mazungumzo yakageukia mambo mengine. Tangu siku hiyo hajalizungumza, na shangazi amelichukulia kuwa limekwisha.

Saa nne, mlango unagongwa.

"Hodi wenyewe! Mmehama nyie, au mmejificha? Nimeuliza njia mpaka kwa muuza mkaa!"

"Karibu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huku hawauzi samaki?" Bi Mayasa anavua viatu na kuketi kwenye mkeka kwa kishindo. "Yusra!"

"Naam, Bibi."

"Njoo upime." Anatoa kwenye kikapu viatu vyeusi vipya vya skuli. "Vikikubana sema sasa, maana leo leo tunaondoka."

Mtoto anaingiza miguu. Vinamkaa sawasawa.

"Shangazi," Mwanakheir anasema, "mimi na wewe hatujazungumza."

"Hatujazungumza vipi? Nilikuuliza kwangu, ukanyamaza. Si umeridhia? Hata ulipoposwa, baba yako kakuuliza mara tatu, wewe kimya, unachezea ncha ya mkeka. Tulingoja uimbe? Tulipiga vigelegele, tukala pilau!"

Anacheka mwenyewe. Ni jambo linalojulikana na kila mtu hapa: mwari akiulizwa kama anamtaka mume, akinyamaza, ndiyo ridhaa yake. Watu kama Bi Mayasa hulipima kila jambo kwa kipimo hicho.

Na hoja zake si za kupuuzwa. Yusra ni wa pili darasani. Chuoni kwake, anakosoma Kurani, amebakisha juzuu mbili tu kukhitimu. Skuli mpya ina watoto wengi na hamjui hata mmoja.

"Umtoe alipozoea, umlete asipomjua mtu. Kwa faida gani?" anauliza Bi Mayasa, sasa bila mzaha. "Ili wewe usikae peke yako?"

Sindano inasimama.

"Nililifikiria hilo," Mwanakheir atasema baadaye. "Kweli mimi mpweke. Nikawa najiuliza, nnamtaka mtoto, au nnataka mtu wa kukaa naye? Ndiyo maana nilishindwa kumjibu."

Bi Mayasa anamgeukia mtoto.

"Yusra, mjukuu wangu, unataka kukaa na bibi?"

Yusra anaitazama ncha ya viatu vyake vipya. Kidole chake kinaingia kwenye ukindu wa mkeka, kinavuta, kinavuta.

"Akenda yeye, mimi ntalala na nani?" anauliza Suhail kutoka mlangoni.

"Haya, umeona," anasema Bi Mayasa. "Kanyamaza. Mfungie nguo zake."

"Zishafungwa," anasema Suhail.

Mwanakheir anakitazama kile kidole cha mwanawe. Anaiweka kofia chini, anajisogeza hadi magoti yao yanagusana.

"Yusra. Kunyamaza si jawabu. Mimi na bibi tunakungoja, hata mpaka adhuhuri. Sema unalotaka, hapana atakayekununia."

Redio ya jirani inasoma habari.

"Nataka kukaa na mama," anasema Yusra. Kisha haraka: "Lakini kwa Bibi niwe nakwenda."

Bi Mayasa anaanza kuzikunja kanga zake upya mabegani, ingawa hazijafunguka.

"Jumatatu nnawapeleka wote wawili skuli ya huku," anasema Mwanakheir. "Mwalimu kashanambia nafasi zipo. Kila Ijumaa jioni ntakuletea Yusra alale kwako, asome na mwalimu wake wa chuo mpaka akhitimu. Na nikirudi Jumatatu ntapiga hodi kwa jirani, nimuulize kama kuna wanawake wanaoshona."

"Kwani mimi nilikutesa, Mwanakheir?"

"Hukunitesa, Shangazi. Ulinilisha, ulinivisha, umenipa hii sindano nnayowalishia wanangu."

"Basi kwa nini unamnyima mtoto malezi uliyoyapata wewe?"

Mwanakheir anawatuma watoto wakacheze uani. Anangoja mpaka sauti zao zinahamia nje. Miaka ishirini na moja imepita, na neno hili hajapata kumwambia mama yake, wala Amour, wala wanawake wa barazani.

"Siku ile uliyonifuata Jongowe, Shangazi, mimi sikuridhia," anasema. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nnamngoja mama aseme hapana."