Fundi Aliyeliambia Gari Lisiogope

Baba yangu hajui kukaa. Mpe kiti, ataegemea ukuta. Mpe chai, ataizungusha nayo gereji nzima, nusu imwagike vumbini, huku akiuliza nani ameegesha hapa na nani ameegesha pale. Kisha atainama, aokote jiwe, alisukumize nyuma ya tairi. Hiyo ndiyo tabia yake. Gari likisimama mbele ya macho yake, hata mahali palipo sawa kama meza, hata kama ni la mtu asiyemjua, lazima aliwekee jiwe. Langoni kwa gereji kuna rundo la mawe aliyoyapaka rangi nyeupe. Nimewahi kumwona akivuka barabara, jiwe kwapani, kwenda kulizuia gari la mgeni wa jirani ambalo wala halikuwa na nia ya kwenda popote.

Watu wakimwona hivyo hucheka, maana wanadhani wanajua sababu. Nchi nzima inadhani inajua sababu.

Palikuwa na kipindi cha magari kwenye televisheni. Kilianza mimi sijazaliwa, kikaendelea mpaka nikamaliza shule na kupata kazi. Kila Jumamosi jioni mtangazaji wake, ambaye watu wote walimwita Honi kwa jinsi alivyocheka, alilipeleka gari fulani mahali fulani na kulijaribu mpaka aibu imkute. Honi alijipalia makaa bila kuchoka. Ndiye aliyeingia kwenye mashine ya kuoshea magari na dirisha wazi, akaendelea kusifia utulivu wa ndani huku povu likimjaa kinywani. Ndiye aliyejifungia garini akituonyesha kwamba haliibiki, tukamtazama akisema nyuma ya kioo maneno ambayo, kwa bahati njema, hayakusikika. Ndiye aliyeshindana na punda kwenye tope, akashindwa, akadai wayarudie mashindano, akashindwa tena. Punda naye akakataa kuondoka kwenye mstari wa mwisho, nadhani alikuwa anasubiri kuhojiwa.

Lakini hayo yote ni cha mtoto mbele ya kile cha Baba. Wakati ule ndio kwanza amechukuliwa kuwa fundi wa kipindi, mtu wa kuandaa magari kabla Honi hajayaharibu.

Picha yenyewe kila mtu anaijua. Gari jekundu limesimama kwenye mteremko, pua juu, jua linawaka kwenye kioo cha mbele. Honi yuko pembeni, ameligeuzia mgongo, anaieleza kamera uimara wa breki. Nyuma yake gari linaanza kuondoka kinyumenyume, polepole, kama mtu anayetoroka kikao. Honi haoni, anaendelea na breki zake. Ndipo anapoingia Baba mbio, ovaroli wazi mpaka kiunoni, kandambili moja imeshamtoka, mikono mbele, analipigia gari kelele: "Subiri! Usiguse kitu! Usiogope, nakuja! Usiogope!" Gari linateremka, Baba analifuata, linajikita kwenye lundo la mchanga wa ujenzi na kusimama. Honi anageuka, anaona, anakaa chini kwa kicheko. Basi.

Fundi kasahau breki ya mkono, halafu analiambia gari lisiogope! Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kuanzia wiki ile Baba akawa Usiogope, mjini, sokoni, hata kwa daktari wa meno. Na kila aliyekutana naye alikuwa na swali lilelile. Hata msibani, mtu alimpa mkono wa pole kwanza, kisha akamsogelea sikioni: "Hivi mzee, gari ilikujibu?"

"Bado nasubiri majibu," Baba husema, anacheka nao, kisha anaondoka.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Picha ile ikianza tu, kabla Honi hajamaliza sentensi ya kwanza, Baba alikuwa ameshainuka, mara akaangalie bomba, mara akafunge geti lililokwisha fungwa. Tulijua ni aibu inayomtoa. Mama, ambaye hana dogo, alikuwa akimsindikiza kwa maneno: "Siku niliyomzalia yeye mtoto wa kiume, naye akaizalia nchi kichekesho!"

Ni kweli, yote mawili yalitokea siku ileile. Mama alikuwa wodini anamzaa mdogo wangu. Usiku wake mimi, wa miaka minne, nikiwa mikononi mwa Baba peke yake, nilianguka kitandani nikapasuka kidevu. Mama aliporudi na kichanga na kuliona lile jeraha, hakuuliza mara mbili. Alimpa Baba msumeno, akamwamuru akate miguu ya kitanda. Kitanda hicho tunacho hadi leo. Ukikikalia, magoti yanakufika masikioni, na Mama hajawahi kukipita bila kumsema Baba.

Shuleni niliitwa Binti Usiogope. Sitadanganya, iliniuma. Nilimpenda Baba na nilimwonea aibu, vyote kwa pamoja, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilitamani siku moja nipate nafasi ya kuikamata picha ile kwa mikono yangu na kuimaliza.

Nafasi nikaipata. Niliajiriwa kwenye kituo kilekile cha televisheni kuwa mhariri wa picha, kazi ya kukata na kuunga. Siku moja mkuu wa vipindi, mama mmoja mwembamba asiyezungumza bila kugonga meza kwa kalamu, akaniita.

"Honi anastaafu, kipindi kinafungwa," alisema. "Onyesho la mwisho litakuwa ukumbini, moja kwa moja, vichekesho bora vya kipindi. Watazamaji wamepiga kura, na nadhani unajua nani ameshika namba moja."

"Najua, bosi."

"Utakata wewe. Na mzee wako aje akae mbele. Honi atamuuliza lile swali."

Nikasema sawa, na moyoni nikasema thubutu. Niliona picha nzima: Baba kwenye kiti, taa usoni, mahali asipoweza kukimbilia bomba wala geti, watu wote wakimcheka na mimi ndiye ninayebonyeza. Jioni nikamwambia Mama mpango wangu. Nitasema kanda imeharibika.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu," alinijibu, macho kwenye cherehani yake. "Hiyo picha kila mtu anayo kwenye simu."

Sikumsikiliza. Kesho yake nikaenda stoo nikaitoa kanda ya asili, nikaiweka kwenye mashine nione kama ina kasoro yoyote ya kunisaidia. Ilikuwa safi. Honi akaeleza breki, gari likaondoka, Baba akakimbia, mchanga, kicheko. Hapo ndipo wanapokata siku zote. Lakini kanda ya asili haikuwa imekatwa, nami nilichelewa kuizima.

Kamera inatikisika kwa sababu mpigapicha naye anacheka. Honi yuko chini, anapiga ardhi ngumi. Mbali, kwenye kona ya picha, Baba amelifikia gari. Hafungui mlango wa dereva. Anaupita, anafungua wa nyuma, anaingia mpaka kiunoni, anakaa humo. Nikajiuliza, fundi anayekwenda kushika breki anatafuta nini mlango wa nyuma? Kisha akatoka na kitu kifuani, kimefunikwa koti lake. Aliwapa wenzake mgongo. Chini ya koti ulining'inia mguu mdogo, soksi nyeupe, bila kiatu. Baba alikuwa akiyumba huku na huku, vile mtu anavyoyumba akibembeleza mtoto. Akakirudisha kile kitu garini taratibu, akafunga mlango, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akawageukia wenzake na kuanza kucheka nao. Alicheka vizuri. Asiyejua asingejua.

Nilijishika kidevu. Nikaiacha mashine inawaka, mlango wazi, nikaenda gereji moja kwa moja.

Nilikuta miguu yake tu, imetokeza chini ya gari la mteja, inachezacheza. Mawe yalikuwa kwenye matairi yote manne.

"Baba."

"Nipe spana ya kumi na tatu, mama."

"Ni mimi niliyekuwa ndani ya lile gari."

Miguu ikatulia. Sijawahi kuiona imetulia hivyo. Hakutoka, nami nikaketi vumbini na nguo zangu za kazini, tukazungumza hivyohivyo.

"Mama yako alishikwa na uchungu alfajiri," alisema kutoka chini ya gari. "Jirani aliyeahidi kukaa na wewe akaniruka. Kazini mtoto haruhusiwi, nami ndiyo kwanza nimeanza. Nikakulaza kiti cha nyuma, nikakufunika koti. Breki ya mkono nilikuwa sijaiunga, kwa hiyo nikaweka jiwe. Jiwe kubwa kabisa. Nikaenda kukutafutia maziwa."

"Halafu?"

"Halafu nikageuka, nikamwona Honi analipiga jiwe teke. Linaharibu picha, anasema. Gari ikabaki imesimama kwa huruma tu. Wewe ukaamka, ukasimama katikati ya viti, na huko kusimama kwako kukatosha. Ulikuwa unaniangalia kwa kioo cha mbele, mama. Unalia, unaniita, na gari inakupeleka."

Nilisikia hasira inanipanda. Miaka yote ile, darasa zima likinizomea, watu wazima wakimtania msibani, na yeye anacheka nao!

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nimeficha mtoto kazini? Wangenifukuza palepale, na mdogo wako ana saa moja duniani."

"Na baadaye?"

"Baadaye watu walikuwa wameshazoea kucheka."

"Na kila ikionyeshwa unatoka. Sisi tulidhani ni aibu."

"Aibu ya nini? Ni woga. Kila ikianza, naona kama safari hii mchanga haupo."

Nikamwambia basi, naikata. Au siikati, naionyesha mpaka mwisho, nchi nzima ione ilikuwa inacheka nini. Ndipo akajisukuma nje, uso mweusi wa oili, akanitazama.

"Na Honi je? Mzee wa watu anakwenda kupumzika, hajui alifanya nini. Unataka alale na hilo? Na mama yako? Kidevu kilipasukia garini, na kitanda nimekikata miguu kwa mkono wangu, kwa uongo wangu mwenyewe. Ataniua."

Nilicheka bila kutaka, machozi yananitoka.

"Iache ilivyo," akasema. "Nitakuja. Nitakaa niiangalie mpaka isimame. Sijawahi kuiona ikisimama."

Siku ya onyesho nilikuwa kwenye chumba cha kuongozea, skrini ndogondogo mbele yangu, mkono kwenye vibonyezo. Baba alikuwa safu ya kwanza, shati jipya, kola imemkaba, Mama kando yake amependeza kama bibi arusi. Tukaanza. Povu la Honi likapita, ukumbi ukacheka. Punda akapita, wakacheka zaidi. Goti la Baba lilikuwa likicheza tangu mwanzo, na sasa alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu aliye kwa kinyozi asiyemwamini.

Nikabonyeza ya mwisho. Sikuitazama picha, nilimtazama yeye. Honi alipoanza kueleza breki, Baba aliangalia mlango. Gari lilipoondoka, aliinuka nusu. Mama akamvuta shati bila kumtazama. Baba akarudi kitini, akakaza macho, midomo ikimcheza, na niliona anayasema tena yale maneno, kimyakimya, yote, mpaka gari likaingia mchangani. Akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amekaa. Nami huku juu nikagundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi pamoja naye.

Ukumbi ulikuwa unapiga miguu chini. Honi, mzee sasa, fimbo mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, akashuka ngazi hadi kwake.

"Ndugu yangu Usiogope! Miaka yote hii unatukwepa. Leo hutoki. Gari ilikujibu?"

Baba akainua uso kwenye kamera, ileile niliyokuwa nimeiwasha.

"Ilijibu," akasema.

"Ikasemaje?"

"Iliniita Baba."

Ukumbi ukalipuka. Honi aliacha fimbo ikaanguka, akakaa kwenye ngazi, akilia kwa kicheko. Kijana wa sauti kando yangu alikuwa amelala juu ya meza. "Mzee wako kiboko!" alisema. "Kiboko!" Kwenye skrini ya pembeni nilimwona Mama naye anacheka, anajipiga paja, anamsukuma Baba bega. Kisha kicheko kikamkauka. Akageuka, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Akapeleka kidole kwenye kidevu chake mwenyewe, polepole, na niliiona midomo yake ikiuliza neno moja tu: kitanda?

Baba alikuwa ameshasimama, macho yanatafuta mlango.

"Tangazo, dada!" mtu alinipigia kelele. "Weka tangazo!"

Nikaweka tangazo, nchi ikaonyeshwa sabuni. Lakini skrini yangu ya pembeni ilibaki kwao. Mama alimshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akamvuta chini, na hakumwachia mpaka taa za ukumbi zilipowashwa.