Ahadi Isiyo na Inshallah

Harufu ya dizeli hunirudisha Temeke, asubuhi ya mwisho nilipomwona baba. Lori la mgambo lilikuja kuwachukua kwa nguvu wanaume wasio na kazi mjini, wakalime vijijini.

“Nitarudi kabla ya Idi, inshallah,” alisema.

Nikang’ang’ania shati lake. “Sema ‘nitarudi’ tu.”

“Mungu peke yake ndiye huahidi hivyo, mwanangu. Yeye akisema, hutimiza. Sie hatujui ya kesho.”

Sikuliachia shati. Nililia mpaka mgambo akagonga bodi la lori kwa rungu. Baba akanifuta kamasi kwa kiganja chake kikavu.

“Haya. Nitarudi.”

Nikaliachia shati, nimeridhika, naye akapanda. Mama alitimka pekupeku kwenye vumbi, akiita, “Inshallah, inshallah,” lakini lori lilikuwa limeshakata kona.